Kabla Hujasema "Ni Dharura": Namna ya Kulipima Jambo kwa Mizani ya Sharia

Neno dharura tumelizoea mno katika Kiswahili. Basi lina mlango wa dharura, mfanyakazi huomba ruhusa ya dharura, na kamati ya harusi huitisha kikao cha dharura kwa sababu mpambaji amepandisha bei. Hakuna ubaya katika matumizi hayo. Ubaya huingia pale mtu anapolichukua neno lilelile la basi na la kamati, akalipeleka msikitini na kudai kwamba kwa kuwa jambo lake ni la dharura, basi lililokuwa haramu limekuwa halali kwake. Katika fikihi, yaani elimu ya hukumu za sharia, neno hili ni jembamba sana, na wanavyuoni wameliwekea vipimo ambavyo mtu wa kawaida anaweza kujifunza kuvitumia, angalau kiasi cha kumwezesha kujua kama ana swali la kumpelekea sheikh au ana kisingizio tu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu huyo wa kawaida. Nitafuata zaidi madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu tangu Lamu na Mombasa hadi Unguja, Kilwa na Ngazija, na nitayataja madhehebu mengine pale tofauti zao zinapomsaidia msomaji.

Wakati mmoja, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinifuata barazani akiwa na fomu ya mkopo aliyoikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa kanzu. "Maalim, hebu niangalizie hili," akaniambia. Ilikuwa ni shilingi milioni nane, kwa riba, kwa ajili ya harusi ya binti yake iliyokuwa imebakisha wiki nne. "Najua riba ni haramu, sina ubishi. Lakini hii ni dharura, siku zimekwisha." Fomu hiyo nitairudia, kwa sababu nilipoipitia na mzee wangu mstari kwa mstari, iligeuka kuwa darasa zima.

Msingi wenyewe

Asili ya kanuni hii imo katika Kurani, tena mahali zaidi ya pamoja: Sura ya Al-Baqara aya ya 173, Al-Maida aya ya 3, Al-An'am aya ya 119 na ya 145, na An-Nahl aya ya 115. Baada ya kutajwa nyamafu, damu, nyama ya nguruwe na kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu, husemwa kwamba aliyelazimika kula, bila ya kutamani wala kupita kiasi, hana dhambi. Msomaji asiyapite haraka maneno hayo mawili, kutamani na kupita kiasi, kwa kuwa karibu kila sharti nitakalolitaja hapa chini limechimbuliwa humo.

Kutokana na aya hizo wanavyuoni waliunda kaida inayosema kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, ambayo kila mtu anaijua, na nyingine inayosema kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake, ambayo watu huisahau. Katika Majalla, yaani mkusanyo wa sheria uliotungwa katika dola ya Uthmaniyya kati ya mwaka 1869 na 1876, kaida ya kwanza ni kifungu cha 21 na ya pili ni cha 22. Zimewekwa bega kwa bega kwa makusudi, na aliyehifadhi ya 21 bila ya 22 amehifadhi nusu ya sentensi.

Kwanza hakikisha kuwa jambo ni haramu

Hatua hii wengi huiruka. Mgonjwa wa kisukari huambiwa na jirani kwamba insulini hutokana na nguruwe, naye huendelea kujidunga huku moyo ukiwa mzito, akijiambia kwamba ameruhusiwa kwa dharura. Ni kweli kwamba zamani insulini ilikuwa ikitolewa katika kongosho za nguruwe na za ng'ombe. Lakini tangu mwaka 1982 imekuwepo insulini inayotengenezwa maabara kwa kutumia bakteria au hamira, na hiyo na za jinsi yake ndizo zinazotumika zaidi duniani leo. Mtu huyu hahitaji rukhsa yoyote. Anachohitaji ni kumuuliza mfamasia dawa yake imetengenezwa vipi, kisha alale usingizi wake.

Upande wa pili kuna mambo ambayo uharamu wake wenyewe una mjadala. Ganda la kidonge cha kapsuli mara nyingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini inaweza kutokana na ng'ombe, samaki au nguruwe. Ikithibitika kwamba ni ya nguruwe, utakuta kwamba Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliikataa jelatini hiyo katika vyakula kwa hoja kwamba ile ya mimea na ya wanyama waliochinjwa kisharia inatosheleza. Mwaka 1995, kongamano la wanavyuoni na madaktari lililofanyika Kuwait likaona kwamba najisi iliyogeuka dhati yake hadi ikawa kitu kingine imetoharika. Kugeuka huko huitwa istihala, na Mashafi ni wakali ndani yake: mifano yao mashuhuri ni pombe iliyogeuka siki yenyewe bila ya kutiwa kitu, na ngozi ya nyamafu iliyodabighiwa, yaani iliyosafishwa na kulainishwa kwa dawa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Kwa hiyo anayefuata rai ya istihala hana haja ya kutaja dharura, na anayefuata rai ya Mashafi ndiye anayelazimika kuendelea na hatua zinazofuata. Lisilofaa ni kuchanganya mlango wa istihala na wa dharura katika pumzi moja, kama wafanyavyo wengi, ili usipofunguka huu ufunguke ule.

Liweke jambo lako kwenye daraja lake

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo mzee wangu alipokwama. Imamu Suyuti, mwanachuoni wa Misri wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1505, alizinukuu daraja tano ambazo mahitaji ya binadamu hupangwa juu yake, na sijaona chombo kinachomfaa mtu wa kawaida zaidi ya hicho.

Daraja ya kwanza ni dharura yenyewe: mtu amefika ukomo ambao asipokitumia kilichokatazwa atakufa au atakaribia kufa. Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimedarasishwa katika vyuo vya pwani vizazi kwa vizazi, alilieleza hilo kwa maneno machache: anayehofia mauti au maradhi ya kutisha, naye akapata kilichoharamishwa, humlazimu kukila. Tazama kwamba amesema humlazimu. Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu, mwenye dharura ya kweli hana hiari ya kujifanya mchamungu na kuiacha nafsi yake ipotee, kwa kuwa nafsi si mali yake. Hili huwashangaza wanaodhani kwamba kukataa rukhsa ni daraja ya juu ya ucha Mungu daima.

Daraja ya pili ni haja. Mfano uliotolewa ni wa mwenye njaa ambaye asipokula hatakufa, ila atakuwa katika taabu na mashaka. Hukumu yake ni ya kuzingatiwa sana: haja ya namna hii haihalalishi kula haramu, lakini humruhusu aliyefunga kufungua. Yaani mlango mmoja unafunguka na mwingine unabaki umefungwa. Hata hivyo yapo makatazo mepesi ambayo haja huyafungua, na dalili yake ni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaruhusu Zubeir bin Al-Awwam na Abdurrahman bin Auf kuvaa hariri kwa sababu ya upele uliokuwa ukiwawasha, na hakuna aliyepata kufa kwa kuwashwa.

Daraja ya tatu ni manfaa, kama anayetamani mkate wa ngano na nyama ya kondoo ilhali kuna chakula kingine cha kumshibisha. Ya nne katika vitabu huitwa zina kwa Kiarabu, nami huiita pambo ili mtu asidhani kuwa nazungumzia zinaa. Mfano wake ni anayetamani halua na nguo za hariri. Ya tano ni fudhuli, yaani kujitanua mtu katika vya haramu na vya shaka. Daraja tatu hizi hazifungui chochote.

Sasa turudi kwenye fomu ya mkopo. Nilimwomba mzee anitajie matumizi, naye akayataja kwa vidole: ukumbi milioni tatu, chakula milioni mbili, mpambaji milioni moja na nusu, na milioni moja na nusu iliyobaki ni ya sare, picha na video. Nikamuuliza ndoa inasihi kwa nini. Akajibu vizuri, maana amesoma: walii, mashahidi wawili, bwana harusi, bibi harusi asiyekuwa na kizuizi, na tamko la ijabu na kabuli, yaani la kuozesha na la kukubali. "Katika hivyo, kipi kimo kwenye milioni nane?" Akanyamaza. Mahari hayamhusu yeye, ni ya mume kumpa mke. Hata karamu ya ndoa ni suna juu ya bwana harusi, na Abdurrahman bin Auf, yuleyule wa hariri, alipooa aliambiwa afanye karamu japo kwa mbuzi mmoja. Kila mstari wa fomu ile ulikuwa ni wa pambo, na kwa kauli ya ndani kabisa mzee mwenyewe alikiri kwamba video ilikuwa imevuka pambo. Aibu mbele ya majirani ni kitu kizito katika mitaa yetu, sikubishana naye hapo; lakini uzito wa aibu haumo katika daraja ya kwanza wala ya pili.

Tafuta njia ya halali, utafute kwelikweli

Chukulia kwamba jambo limefika daraja ya kwanza. Sharti linalofuata ni kwamba pasiwepo njia ya halali ya kuondoa madhara hayo. Kuna kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, wakusanyaji wa hadithi. Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu, akatengeneza pua ya fedha, ikamletea uvundo. Ndipo Mtume alipomwamuru atengeneze ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Dhahabu ilikuja baada ya fedha kujaribiwa na kushindwa. Mpangilio huo ndio unaotakiwa kwetu.

Mfano wa hospitali ni mzuri zaidi kwa kuwa unatufika mara kwa mara. Mjamzito mwenye tatizo la damu kuganda huandikiwa sindano ya heparini au mojawapo ya zinazotokana nayo, na malighafi ya heparini duniani ni, kwa sehemu kubwa, utando wa utumbo wa nguruwe. Familia inayojua jambo hilo isikimbilie kukataa, wala isikimbilie kunyamaza. Imuulize daktari maswali matatu kwa utaratibu: je, ipo dawa nyingine ya kufanya kazi hiyohiyo isiyotokana na nguruwe, je, inamfaa mgonjwa huyu na hali yake ya ujauzito, je, inapatikana hapa, sasa, kwa bei tunayoiweza? Dawa ya aina hiyo inayotengenezwa bila mnyama ipo, inaitwa fondaparinaksi, lakini kuwepo kwake katika kitabu cha dawa hakumsaidii mgonjwa aliyelazwa usiku katika wilaya ambayo haijawahi kuiona. Jibu likiwa "hapana" kwa lolote kati ya maswali hayo, mbadala haupo kisharia, na sindano ile idungwe.

Vivyo hivyo katika kumfunulia tabibu mwili. Vitabu vya Kishafi vimepanga safu: mwanamke atibiwe kwanza na mwanamke Muislamu, akikosekana mwanamke asiye Muislamu, akikosekana mwanamume Muislamu, kisha mwanamume asiye Muislamu, na mwanamume yeyote asikae naye faragha bila ya maharimu au mtu wa kuaminika. Safu hiyo hufuatwa pale penye nafasi ya kuchagua. Mama anayevuja damu chumba cha kujifungulia hangojewi apatikane daktari wa safu ya kwanza.

Kuhusu mikopo, hoja ya "hakuna njia nyingine" imedhoofika katika miji yetu. Kenya imekuwa na benki kamili zinazoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu tangu mwaka 2008, na Tanzania ilipata ya kwanza mwaka 2011, mbali na madirisha ya Kiislamu katika benki za kawaida. Kabla ya benki zipo njia za zamani: kukopa kwa ndugu mkopo mwema usio na nyongeza, kuuza dhahabu au kiwanja, kuiomba hospitali ilipwe kwa awamu, na kuuendea mfuko wa zaka, maana mafakiri, maskini na wenye madeni wametajwa wazi katika aya ya zaka. Hili la mwisho watu huliona haya. Nimewaona waliokuwa tayari kula riba kuliko kuonekana wanapokea zaka, na hiyo kwa kweli ni kuitanguliza aibu ya watu mbele ya hukumu ya Mungu.

Hofu iwe ya kweli, na mwenye kuijua ndiye aseme

Dharura ni ile iliyopo au iliyo karibu mno kutokea. Anayehofia kwamba huenda mwakani biashara ikayumba hana dharura mwaka huu. Lakini haihitaji pia mtu afike kwenye sakarati. Dhana yenye nguvu inatosha, na katika mambo ya mwili dhana hiyo huchukuliwa kwa tabibu. Mafakihi wa Kishafi walishurutisha tabibu Muislamu, mwadilifu na mjuzi. Wanavyuoni wengi wa leo wanamkubali hata asiye Muislamu akiwa ni mjuzi na si mwenye kutiliwa shaka katika jambo hilo.

Mambo mawili yaliyotokea zama za Mtume, na yote mawili yamo katika mapokezi ya Abu Daud, yanafaa kusomwa pamoja. Amr bin Al-As alikuwa amiri katika safari ya vita ya Dhatus-Salasil, akapata janaba usiku wa baridi kali, akahofia kuangamia akioga, akatayamamu, yaani akajitoharisha kwa udongo, na kuwasalisha wenzake alfajiri. Alipoulizwa na Mtume, alijitetea kwa aya inayokataza watu kuziua nafsi zao, naye Mtume akacheka asiseme kitu. Katika safari nyingine mtu mmoja alipigwa jiwe la kichwa, kisha akaota ndoto ya kumtia janaba, akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na rukhsa ilhali anaweza kupata maji. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume alisema kwamba wamemuua, akawalaani, na akauliza kwa nini hawakuuliza ikiwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. Hapo anaonywa yule anayependa kuwajibu watu "hapana" kwa ukali ili aonekane amesimama imara kwenye dini; ukali wake unaweza kuua kama unavyoua ulegevu wa mwingine.

Chukua kiasi, kisha toka

Ukiruhusiwa, umeruhusiwa kiasi gani? Mwenye njaa aliyepata nyamafu, kwa kauli yenye nguvu ya Mashafi, hula kiasi cha kumzuia roho isitoke, isipokuwa akihofia kuangamia kwa kuishia hapo. Imamu Malik, mwenye madhehebu ya Maliki, akaona kwamba ale hadi ashibe na ajichukulie akiba ya njiani, kisha aitupe atakapopata cha halali. Tofauti hiyo inaeleweka ukifikiria jangwa: aliyekiona kijiji mbele hana sababu ya kushiba mzoga, na asiyekiona atauliwa na hatua mia zinazofuata. Lakini hata kwa Malik akiba ina mwisho, nao ni pale halali itakapoonekana.

Kifungu cha 23 cha Majalla kinasema kwamba kilichojuzu kwa udhuru hubatilika udhuru ukiondoka. Kwa vitendo maana yake ni kuuwekea udhuru tarehe. Mgonjwa anayetumia dawa yenye kilichokatazwa amuulize daktari atapitiwa tena lini, na siku hiyo aulize upya kuhusu mbadala. Anayedaiwa mkopo wa riba aliouchukua kwa dharura ya kweli aulipe mapema kadiri anavyoweza, asiuongeze kwa sababu tu afisa wa mikopo amempigia simu kumwambia kuwa amestahiki nyongeza.

Pombe ina hukumu yake ya peke yake, na huulizwa sana. Mtu aliyekabwa na tonge, asione cha kuliteremsha isipokuwa pombe, humlazimu kulisukuma kwayo. Lakini kuinywa yenyewe kwa ajili ya matibabu, au kwa ajili ya kiu, haijuzu katika kauli iliyo sahihi zaidi ya Mashafi, kwa kuwa Mtume alipoulizwa juu yake kama dawa alijibu kwamba hiyo ni ugonjwa, na kwa kuwa huzidisha kiu badala ya kuikata. Dawa iliyochanganywa na kiasi cha alkoholi hadi alkoholi ikapotelea ndani yake, hiyo imeruhusiwa pale isipopatikana iliyo safi. Hukumu ya nguruwe katika njaa ni nyepesi kuliko ya pombe katika kiu. Jambo hilo pekee latosha kumwonyesha mtu kwamba hawezi kupima kwa hisia zake.

Kuna pia anayenyimwa rukhsa kwa sababu ya alichokiendea. Kwa Mashafi, aliyesafiri kwa ajili ya maasi, kama jambazi wa njiani, akishikwa na njaa huko haruhusiwi kula nyamafu mpaka atubu kwanza. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, hakulishurutisha hilo.

Haki ya mwenzio haifutiki

Dharura humwondolea mtu dhambi, haimwondolei deni. Majalla katika kifungu cha 33 imeweka kwamba kulazimika hakubatilishi haki ya mwingine, na ikatoa mfano wa aliyekula chakula cha mtu kwa njaa: atalipa thamani yake. Mashafi wamelipanga vizuri: mwenye chakula asiyekihitaji humlazimu kumpa aliyelazimika, lakini kwa malipo, ya papo hapo kama anayo, na ya baadaye kama hana. Na aliyepata nyamafu pamoja na chakula cha mtu asiyekuwepo, ale nyamafu. Wengi huona ajabu kwamba mzoga unatangulizwa mbele ya chakula safi, lakini chakula hicho kina mwenyewe, na idhini yake haijapatikana.

Imamu Malik amepokea kwamba watumwa wa Hatib walimwiba mtu wa kabila la Muzaina ngamia jike, wakamchinja. Umar bin Al-Khattab aliamuru wakatwe mikono, kisha akajizuia, akamwambia bwana wao kwamba anamwona akiwashindisha njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake, naye akasema alikuwa akikataa kumuuza kwa dirhamu 400. Umar akamwamuru bwana wa watumwa alipe 800. Njaa iliiokoa mikono ya walioiba, mwenye mali akalipwa, na gharama ikamwangukia aliyesababisha njaa. Malik akaongeza kwamba watu wa Madina hawakuendelea na kulipisha maradufu, hulipwa thamani tu.

Yapo ambayo dharura haiyafungui kabisa. Aliyelazimishwa kwa upanga atamke ukafiri anaweza kutamka huku moyo umetulia juu ya imani, kama ilivyokuwa kwa Ammar bin Yasir. Lakini aliyeambiwa "muue fulani au tukuue" hana ruhusa ya kuua, kwa kuwa damu yake haina thamani kuliko ya mwenzake, na madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Pale wengi wanapohitaji kwa pamoja

Ipo kaida isemayo kwamba haja hushushwa mahali pa dharura, iwe ya umma au ya kundi maalumu. Ni kifungu cha 32 cha Majalla, na mfano wake ni watu wa Bukhara ambao, madeni yalipowazidia, waliruhusiwa aina ya mauziano ambayo muuzaji akirudisha thamani hurudishiwa kitu chake. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitumia kaida hii, pamoja na hoja nyingine, kuwaruhusu Waislamu wa Ulaya kununua nyumba kwa mkopo wa riba, kwa masharti kwamba hakuna njia mbadala, nyumba ni ya kukaa mtu na familia yake, hana nyumba nyingine wala ziada ya mali ya kumwezesha. Wanavyuoni wengi waliipinga. Waswahili wanaoishi Ulaya huituma fatwa hiyo kwa ndugu zao huku nyumbani, na ndugu huitumia kukopea gari. Imetolewa kwa watu wengine, nchi nyingine na kitu kingine, na kaida hii ni ya wanavyuoni kuitekeleza, haifai mtu kujitolea hukumu kwayo sebuleni kwake.

Unapokwenda kuuliza

Nenda kwa mwanachuoni unayemwamini, au kwa Kadhi, au katika ofisi ya Mufti mahali ilipo, na uende na vitu mkononi. Kama ni dawa, chukua boksi lenyewe na karatasi ya maelezo iliyomo ndani, pamoja na jina la ugonjwa kama daktari alivyoliandika. Kama ni mkataba, chukua mkataba wote, usichukue ukurasa wa kwanza tu, maana riba na faini za kuchelewa huandikwa mwishoni kwa herufi ndogo. Mweleze njia ulizokwisha kuzijaribu na zilivyoshindikana, kwa majina na kwa tarehe ikiwezekana. Usianze swali kwa "si inajuzu, sheikh, maana ni dharura?", kwa sababu hapo umekwisha jihukumia na unatafuta shahidi. Eleza hali, nyamaza, umwache yeye aipe jina. Kisha muulize mambo mawili ambayo waulizaji husahau: kiasi gani, na mpaka lini.

Mzee wangu hakwenda kwa Kadhi. Aliikunja fomu yake, akauliza ua wa nyumba yake unaweza kuingia mikeka mingapi, tukatoka kwenda kuupima kwa hatua.